Muumba na Muundaji wa Kompyuta: Je, Hadithi ni Moja?

Bwenini kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mwenzetu mmoja anasema eti imani ya Muumba na dhana ya dunia iliyoigizwa ndani ya kompyuta ni hadithi moja: yuko aliyetufanya, yuko nje ya dunia yetu, anatuona na sisi hatumwoni. Mimi si mwanafalsafa wala shehe wala padri. Makala haya yanakusudia kuzisoma hadithi hizi kama mhakiki: nani mtunzi, nani mhusika, na kuna ahadi gani kati yao.

Tuanze na dhana yenyewe, maana wengi tunaidaka nusunusu. Mwanafalsafa Nick Bostrom aliitoa mwaka 2003. Hakusema kwamba tumo ndani ya kompyuta. Alisema kati ya mambo matatu, angalau moja ni kweli: jamii kama yetu karibu zote hutoweka kabla ya kupata uwezo wa kuunda dunia hizo, au zinazoupata karibu zote hazina haja ya kuziunda, au sisi karibu hakika tumo ndani ya mojawapo. Mfanano na dini aliuona mwenyewe: waundaji hao wangeweza kuona yote na kuvunja kanuni za maumbile yetu. Lakini nao huenda wameundwa na wengine. Basi muundaji huyu ana uwezo, ila si lazima awe mwanzo wa vyote, wala si lazima awe mwema.

Hapo ndipo hadithi zinapoachana. Muumini, awe Mwislamu au Mkristo, hasemi tu kwamba Mungu ana uwezo. Anasema ni mwema, anasikia dua, na ametoa ahadi. Ndiyo maana mfiwa hulia, "Kwa nini, Mola wangu?" Swali hilo dini imelibeba karne nyingi bila kulimaliza. Mwenzetu anajivuna kwamba dhana yake haina shida hiyo. Kweli haina, lakini aliyetua mzigo njiani asijisifu kwamba hatoki jasho! Muundaji wa kompyuta unaweza kumlaumu kama jirani katili. Kumdai ahadi huwezi.

Sasa hebu tumtazame Karama katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Ameumbwa kwa wino, katika nchi iliyo angani. Hata hivyo Majivuno anapomshtaki kwa kueneza elimu ya uanasheria, hakuna msomaji anayesema, "Mwacheni, si mtu wa kweli." Tunataka haki itendeke humo humo hadithini. Basi anayesema "labda tumo kwenye programu tu" hajapata ruhusa ya kupuuza maumivu ya mtu. Kosa limo katika hilo neno "tu".

Nilikuwapo msibani, mwenzetu mmoja alipofiwa na mdogo wake. Kijana mmoja akamfariji kwa dhana hii. Mfiwa akamtazama tu. Bibi mmoja akamshika mkono: "Mungu anajua, mjukuu wangu. Mlilie Yeye." Sina hakika kama jibu la bibi ni sahihi. Lakini lilimwachia mfiwa wa kuzungumza naye usiku ule.

Kwa hiyo, hadithi si moja. Sijathibitisha ipi ni kweli. Nimeonyesha tu ipi ina msikilizaji. Anayeona nimependelea, karibu anikosoe.