Sanaa ya Kuutafuta Umeme Uliopotea

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu huzitumia kila siku bila ya kuzipa staha inayostahili, kazi ya kutambua kwa nini kompyuta kuukuu ya mezani imekataa kuwaka ni moja, nami naiweka katika daraja ya juu kwa kuwa shina lake si wepesi wa vidole wala wingi wa vyombo, bali ni uwezo wa mtu kuizuia nafsi yake isitoe hukumu mpaka ushahidi ukamilike. Kubadilisha kifaa kibovu ni jambo ambalo kijana mwenye bisibisi hujifunza kwa muda mfupi. Kujua kwa yakini kuwa ubovu uko hapa wala si pale huchukua miaka, na wengi walio katika kazi hii hawafiki huko kwa sababu wateja wao hawajawahi kuwadai wafike.

Mashine imekaa kimya: taa hazionekani, feni haivumi, kioo ni cheusi. Ukimya huo mmoja waweza kuletwa na soketi ya ukutani isiyo na umeme, na waya uliokatika ndani kwa kukunjwakunjwa, na fyuzi ya plagi, na kitufe cha mbele kilichochoka, na pawa saplai iliyoungua, na kapasita iliyovimba kwenye madabodi, na ramu iliyolegea, na vumbi lililoshikana na unyevu wa bahari likazaa kutu katika maungio, hata na mjusi aliyeingia kutafuta joto akafia humo na kupiga shoti. Aliye na pupa huchagua sababu moja anayoipenda, na aghalabu huwa ni ile ambayo dawa yake anayo dukani.

Fundi mwema huanza nje akaja ndani, na huanza na kilicho rahisi kabla ya kilicho ghali. Huchomeka taa kwenye soketi ile ile aone kama inawaka. Huuvua waya wa kioo akautia kwenye kompyuta, maana aghalabu nyaya hizo mbili ni za namna moja. Hukitazama kiswichi chekundu kilicho nyuma ya baadhi ya pawa saplai za zamani, chenye tarakimu 115 na 230, kwa kuwa mashine iliyotumika Marekani yaweza kuletwa kwetu ikiwa imewekwa kwenye 115, na mwenye kuichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230 husikia mlio mmoja tu na habari yake ikaisha. Kisha hufungua kifuniko, akaing'oa plagi ndogo ya nyaya mbili itokayo kwenye kitufe cha mbele, akazigusanisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili za madabodi ilipokuwa imechomekwa. Nimeona mashine iliyotangazwa kuwa maiti ikaamka kwa mguso huo, na tuhuma zote zikawa zimeangukia kitufe cha bei ya kikombe cha kahawa.

Ikiwa hayo yote hayakuzaa kitu, ndipo zamu ya pawa saplai inapofika, na hapa sharti msomaji ajue jambo ambalo wenye kompyuta wengi hawalijui. Tangu mpangilio uitwao ATX, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995, kompyuta ya mezani haizimwi kwa kitufe kama taa ya chumbani izimwavyo. Maadamu plagi iko ukutani na soketi imewashwa, upo mkondo mdogo wa volti 5 unaopita katika waya wa zambarau usiku na mchana, ukingoja amri. Unapobonyeza kitufe, madabodi huushusha waya wa kijani hadi kwenye daraja ya waya mweusi, ulio sifuri, na hapo ndipo mikondo mikubwa inapoamka: volti 3.3 katika waya wa rangi ya chungwa, 5 katika mwekundu, na 12 katika wa manjano. Mikondo ikishatulia, waya wa kijivu hupeleka habari kwamba sasa kazi yaweza kuanza. Kanuni inaruhusu upungufu au ziada ya asilimia 5 katika mikondo hiyo, hata ule wa manjano uwe kati ya 11.4 na 12.6, na mita ya bei nafuu yatosha kuupima. Bali pawa saplai isiyobeba mzigo huweza kusoma sawasawa kabisa, ikazama mara tu ipewapo kazi, na kwa hiyo fundi mwenye kuheshimu ushahidi hatosheki na kipimo kimoja.

Nilipata kuishuhudia sanaa hii kwa karibu mjini Tanga, wakati wa kipupwe. Mwalimu mmoja mstaafu alileta kompyuta yake, ambamo alikuwa ameandika tenzi zake kwa miaka mingi, na kwa fundi aliyetangulia alikuwa ameambiwa kuwa madabodi imekufa na dawa ni kununua mashine nyingine. Fundi huyu wa pili, kijana mpole asiye na maneno mengi, alimwamkia shikamoo, akampa kiti, na kabla hajagusa skrubu hata moja akamwuliza:

"Mwalimu, siku ilipogoma, umeme ulikuwa umekatika?"

"Ulikatika tangu magharibi, ukarudi asubuhi. Ndipo ikagoma."

"Na kabla ya hapo, ulikuwa ukiizima kwenye soketi?"

"La, mwanangu. Plagi iko pale pale miaka yote."

Kijana aliitia mashine umeme, akapenyeza ncha nyekundu ya mita nyuma ya plagi ya nyaya 24, kando ya ule wa zambarau, na ncha nyeusi akaiweka kwenye chuma cha kasha. Mita ilisoma 4.1, ilhali haikupasa kushuka chini ya 4.75. Hapo wengi wangelisema yametosha. Yeye akaazima mashine ya kukaushia nywele kwa mwanamke wa saluni jirani, akapuliza hewa ya moto kwenye matundu ya pawa saplai, akatazama. Tarakimu zikapanda pole pole, 4.3, 4.5, hata zikapita 4.8, kisha akabonyeza kitufe na feni ikavuma. Mwalimu alishika kifua kwa furaha. Kijana aliizima tena mara ile ile, akamweleza kwa adabu kwamba kuwaka huko si kupona.

Sababu yenyewe ni ya kupendeza kwa mtu apendaye kujua. Ubovu ulikuwa katika kapasita za pawa saplai: ndani yake mna majimaji, nayo hukauka kwa miaka na kwa joto. Mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 za joto zinapoongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Sehemu inayoulisha waya wa zambarau hailali kamwe, kwa hiyo ndiyo itanguliayo kuzeeka. Kapasita iliyochoka hufanya kazi afadhali ikiwa na moto kuliko ikiwa baridi, na kwa muda wote ambao umeme haukukatika, sehemu ile ilikuwa ikijipasha moto yenyewe na kuuficha ugonjwa wake. Usiku mmoja wa giza na ubaridi wa kipupwe uliufichua. Swali la kwanza la kijana, lile la kukatika kwa umeme, lilikuwa limekwisha kumwonyesha njia kabla mita haijatoka mfukoni.

Aliiacha pawa saplai ikae bila umeme hata siku ya pili, ndipo aifungue, na kuifungua ni jambo ambalo asiye fundi asilijaribu kamwe, kwani umeme wa volti 230 ukishageuzwa humo ndani hufikia volti zipatazo 325, nao hubaki katika kapasita kubwa hata baada ya plagi kung'olewa, na huua. Alipoifungua alihakikisha kwa mita kwamba umeme umekwisha, kisha akaonyesha kapasita mbili ndogo ambazo vichwa vyao, badala ya kuwa bapa, vilikuwa vimeinuka, na moja ilikuwa na ukoko wa kahawia pembeni. Akazitoa, akalehemu mpya zenye maikrofaradi zile zile, volti zisizopungua za awali, za kustahimili nyuzi 105, akiuangalia mstari wa upande wa hasi asije akazigeuza. Na hapa ndipo nilipomvulia kofia: hakumwita mwenye mali siku ile. Aliiacha mashine usiku kucha ikiwa imechomolewa, ipoe kama ilivyopoa siku ya kugoma, na alfajiri akaiwasha ikiwa baridi. Mita ilisoma 5.03. Ndipo alipotuma habari kuwa kazi imekwisha.

Mwana wa mwalimu, alipokuja kuichukua, alistaajabu kutajiwa ujira mkubwa kwa vitu viwili visivyozidi ncha ya kidole, na mshangao huo naujua kwa kuwa uko kila mahali. Tumezoea kulipa kwa kilichowekwa na kuona unyonge kulipa kwa kilichojulikana, na kwa desturi hiyo tunawafunza mafundi wetu kutuuzia madabodi tusizozihitaji, maana hiyo ndiyo njia pekee tuliyowaachia ya kupata riziki. Basi wewe msomaji, kompyuta yako ya zamani itakapogoma, usiipeleke kwa muuza vyuma chakavu kabla hujaipeleka kwa fundi mwenye kuuliza, mweleze bila kuficha kila ulichokiona, ulichokisikia na ulichokinusa, usimharakishe, na akikwambia kuwa ubovu ni mdogo, mlipe kwa ukamilifu saa alizozitumia kuutafuta.