Hati Inayosomwa Kinyumenyume

Mtu akitaka kiwanja Mombasa au Kilifi humtafuta dalali, akapelekwa kukiona, akasimama kwenye upepo wa bahari, akakipenda. Wakili mzuri wa ardhi huanzia kwenye karatasi, na karatasi hizo huzisoma kinyumenyume: kutoka kwa anayeuza leo kwenda kwa aliyemuuzia, na aliyemuuzia huyo, hadi siku hati ilipozaliwa.

Zamani wengi waliona uchunguzi rasmi wa masjala ya ardhi unatosha. Unalipa ada, unapewa karatasi yenye jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na rehani au zuio kama lipo. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliufunga mjadala huo katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati ya kiwanja cha ufukweni Nyali, nayo ilikinunua kwa mwenye hati. Lakini kilipogawiwa mtu binafsi mwaka 1989 kilikuwa eneo la wazi la umma, na utaratibu wa kukigawa haukufuatwa. Mahakama ikaamua kwamba hati yenye mzizi mbovu haimwokoi hata aliyenunua kwa nia njema.

Pwani mizizi hiyo ni mirefu. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wa ukanda wa maili kumi wapeleke madai yao yasajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikachukuliwa na serikali ya kikoloni. Tena Mombasa kuna watu wengi wenye nyumba zao halali juu ya ardhi ya mtu mwingine, ambaye wao humlipa kodi ya kiwanja. Kwa hiyo wakili anayeijua pwani humuuliza muuzaji mapema: unauza nyumba, au nyumba pamoja na ardhi yake?

Mengine ni ya kawaida, ingawa hayarukwi. Mkataba lazima uwe wa maandishi, utiwe saini mbele ya shahidi. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Shamba huhitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bila kibali hicho mauzo ni batili. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani.

Ninachokistahi zaidi katika kazi hii ni namna fedha na hati zinavyopishana. Muuzaji hataki kuachia hati kabla ya kulipwa. Mnunuzi hataki kulipa kabla jina lake halijaingia kwenye rejista. Benki inayomkopesha mnunuzi haitoi shilingi mpaka rehani yake isajiliwe, na huenda kiwanja chenyewe bado kimefungwa na rehani ya muuzaji kwa benki nyingine. Kila mmoja ana haki ya kuogopa, na arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, haiwaondolei hofu hiyo.

Kinachowavusha ni barua ya wakili, pengine ya ukurasa mmoja tu, inayoahidi kwamba hati zikikabidhiwa fedha zitalipwa. Ahadi hiyo humfunga wakili mwenyewe. Akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumwamuru ailipe kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana hulipima kila neno. Tuseme ameandika kwamba atalipa ndani ya siku 14 baada ya usajili. Usajili upi? Wa uhamisho wa umiliki, au wa rehani ya benki? Siku zihesabiwe tangu masjala iliposajili, au tangu yeye alipopokea hati? Neno likiachwa hivyo, wakili atajikuta anadaiwa mamilioni ambayo benki bado haijampa. Nimesoma barua za namna hii zilizoandikwa vizuri, na sikuona pa kuongeza wala kupunguza neno.

Usajili ukikamilika, kuna wanaofunga faili papo hapo. Fundi wa kweli huomba uchunguzi mwingine masjala, akahakikisha jina la mteja wake limeandikwa sawa na lilivyo kwenye kitambulisho, rehani ya zamani imefutwa, na mpya ni ile tu iliyokubaliwa. Nakala ya uchunguzi huo huipeleka benki, ili ifungue malipo yaliyobaki.