Mshindi Huchaguliwa kwa Miguu

Katika jiji la Paris, miaka ya 1770, wapenzi wa opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba badala ya kusema, waligawanyika makundi mawili. Wengine walikuwa upande wa Gluck, Mjerumani. Wengine upande wa Piccinni, Mwitaliano. Walishambuliana kwa vijitabu na magazetini. Hatimaye kila mtunzi alikitungia opera kisa kile kile cha Kiyunani, cha binti Iphigénie. Ya Gluck ilitoka mwaka 1779 ikasifiwa mno. Ya Piccinni ilifuata mwaka 1781, na katika onyesho la pili mwimbaji wake mkuu alipanda jukwaani akiwa amelewa. Wafuasi wa Gluck hawakuhitaji hoja nyingine.

Msomaji wa Mpanda hatastaajabu. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wengi wamehamia bonde la Rukwa na nchi ya Wapimbwe, sehemu ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Hao ni watu wenye mapokeo ya ushindani mkali kuliko ule wa Paris: Wagika na Wagalu. Husimuliwa kuwa chanzo chake ni waganga wawili, Ngika na Gumha, na hadi leo kila upande hudai kwamba wenzao, wakishinda, wameshinda kwa dawa.

Kwa desturi ya mashindano hayo, baada ya mavuno manju wawili hucheza uwanja mmoja, saa zile zile. Watazamaji ndio waamuzi, nao huamua kwa kuhama. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo manju hana budi kutunga upya kila msimu: amsifu huyu, amkejeli yule, aeleze habari za ng'ombe na mvua, tena kwa maneno ambayo mpinzani hakuyatarajia. Wimbo uliochakaa humwacha akiimbia vumbi.

Mwaka 1962 serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kuirudishia ngoma heshima iliyonyang'anywa na ukoloni. Jambo hilo lilistahili, na kwa njia ya majukwaa bugobogobo, ngoma ya majembe, imejulikana mbali sana na Usukuma. Walakini jukwaa la wageni lina kasoro moja kubwa. Watazamaji wameketi, hawawezi kuhama. Manju hupewa dakika kumi, hubadili jina la mgeni katika wimbo wa mwaka jana, na hupigiwa makofi yale yale akiimba vizuri au vibaya. Ngoma imebaki, mhakiki wake ameondolewa.

Hata hivyo tusiutukuze umati kupita kiasi. Mara nyingine shairi zuri hushindwa na mchezaji aliyetoa nyoka kikapuni, kama vile Piccinni alivyoponzwa na chupa isiyokuwa yake. Ndiyo maana darasa linahitajika. Katika masomo ya fasihi simulizi wanafunzi wetu huorodhesha aina za nyimbo: za kazi, za jando, za mazishi. Ni nadra kuwekewa nyimbo mbili za manju wawili wa msimu mmoja na kuulizwa ipi ni bora, na kwa nini. Wale waliowahi kuvuka uwanja wakati wa mashindano wangekuwa na mengi ya kusema.