Mchezo wa Zamani na Bei Yake

Mnunuzi wa mitumba katika soko la Karatina hadanganywi na bei. Huligeuza vazi, huchungua mshono, ndipo atoapo shilingi zake. Nakusihi, msomaji, uutazame vivyo hivyo mchezo wa kompyuta uliopunguzwa bei, uwe Nyeri, Nanyuki au Embu.

Tuipime miwili. Mchezo wa kandanda FIFA 13 ulitolewa mwaka 2012. Vikosi vyake ni vya msimu ule, na wengi waliomo wamekwisha kustaafu. Ukiketi na ndugu yako mbele ya kioo kimoja, bado mtafurahi. Lakini furaha ya kushindana na watu wa mbali hutegemea mitambo ya mwenye mchezo, nayo hufa siku aizimapo.

Age of Empires II ulitolewa mwaka 1999. Umbo lake si la kupendeza: watu wake ni wadogo kama siafu. Walakini wazo lake halichakai, kwani hapana ushindi pasipo kulima, kuchimba na kujenga. Nyongeza ya mwaka 2015 ilileta Wahabeshi na watu wa Mali. Uliza kama imo kabla ya kulipa. Ila yake ni kuzidisha vita, kana kwamba falme zilisimama kwa mikuki tu.

Hata hivyo, ningenunua huu wa pili. Kilichoegemea habari za mwaka huzeeka pamoja na mwaka. Kilichoegemea fikira hudumu. Na bei ndogo haikurudishii jioni ulizozipoteza.