'Jipsi' ni jina la kubandikwa, tuseme Waroma

JUZI mtangazaji mmoja aliyesoma habari za Ulaya aliwataja 'Wajipsi'. Mwanafunzi wangu akaniuliza, "Mwalimu, ati hao ni Wamisri?"

Nilicheka, ila kosa hilo ni la kale. Neno hili la Kiingereza lilitokana na jina la Misri, kwa kuwa Wazungu walidhani jamii hiyo ilitoka huko. Kumbe asili yao ni kaskazini mwa India! Lugha yao yenyewe ni shahidi: mbili ni 'duj' na tatu ni 'trin', kwa Kihindi ni 'do' na 'tin'.

Mwaka wa 1971, kongamano lao la kimataifa karibu na London lilipitisha jina 'Roma'. Katika lugha yao, 'rom' ni mwanamume.

Wapo wanaojiita Jipsi kwa fahari nchini Uingereza, na hiyo ni haki yao. Lakini sisi je? Wamijikenda nao waliitwa 'Wanyika' na wageni. Nani angethubutu kuwaita hivyo leo? Basi tuandike Waroma, wala tusiwachanganye na Warumi. Mtu huitwa kwa jina analolikubali.