Ndani ya Saa 72

Msichana aliyebakwa Bukundi, mkoani Simiyu, ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Zinaanza kuhesabika kabla hajamwambia mtu. Zinapita mama akilia, wajomba wakijadili ng'ombe wa fidia.

Hapo ndipo anapohitajika afisa ustawi wa jamii. Hutafuta pikipiki, humsihi binti asioge wala asifue nguo alizovaa, kwa sababu maji huondoa ushahidi, kisha huketi naye kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi wakiandaa fomu ya PF3. Daktari naye huandika kila alichokiona, akijua ipo siku atakieleza mbele ya hakimu.

Kazi ngumu zaidi huja baadaye. Kesi huahirishwa, ndugu huanza kumalizana nyumbani, shahidi huhama na mifugo. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na sheria ya mwaka 2017, hurudi kijijini tena na tena, akieleza kwa Kisukuma kwamba ubakaji ni jinai, si deni la kulipwa kwa ng'ombe, na kwamba mahakama ikimwamini binti, ushahidi wake peke yake unatosha kumtia mtu hatiani. Wengi wa wasaidizi hawa hujitolea.

Kisha kuna shule. Tangu Novemba 2021 hata aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, lakini lazima awepo mtu wa kumsindikiza asubuhi ile ya kwanza.

Ukijua mtoto anayeumizwa, piga 116. Simu hiyo ni bure.