Chaneli 500 Mkononi: Jinsi ya Kuipanga Kumbukumbu ya Skana

Anayenunua skana ya redio kwa mara ya kwanza huvutwa na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Uniden Bearcat BC125AT, skana ya mkononi inayotumia betri mbili ndogo za AA, hutangazwa kwa chaneli zake 500. Namba hiyo inashawishi, na mnunuzi mgeni hukimbilia kuzijaza zote. Baada ya hapo skana hukimbia mchana kutwa na bado humpita yule hasa aliyetakiwa kusikika. Tatizo hilo linatokana na namna kumbukumbu ilivyopangwa, na dawa yake huanza kwa kujua kifaa hiki kinafanya nini kila sekunde.

Redio ya kawaida hutulia kwenye stesheni moja. Skana huhama. Huingia kwenye masafa ya chaneli ya kwanza, huyakagua kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ikikuta kimya huruka hadi chaneli inayofuata. Ikikuta mawimbi husimama, hufungua spika na kusubiri mzungumzaji amalize.

Inajuaje kwamba kuna mtu anaongea? Kazi hiyo ni ya skwelchi, kitufe cha kuzungusha kilicho jirani na kile cha sauti. Kikirudishwa chini kabisa, spika hutoa mvumo mzito usiokatika, na skana huganda kwenye chaneli moja kwa kudhani kila mvumo ni mazungumzo. Kinatakiwa kupandishwa polepole hadi mvumo ukatike, kisha kiachwe papo hapo. Anayekizungusha zaidi ya hapo huwa amewafungia mlango wote wenye mawimbi dhaifu: boti iliyo mbali, ndege iliyo chini ya upeo wa macho. Skana nyingi zinazosemwa ni mbovu zimezimwa kwa namna hiyo na wenyewe.

Sasa hesabu. Tuchukue skana inayokagua chaneli 50 kwa sekunde moja. Chaneli 500 zitaihitaji sekunde 10 kumaliza mzunguko mmoja. Nahodha anayeita chombo kingine baharini hutaja jina la chombo hicho, hutaja la kwake, hupata jibu, kisha wote wawili huhamia chaneli nyingine. Shughuli nzima inaweza kuisha kabla skana haijarudi. Chaneli zikiwa 50 tu, mzunguko huchukua sekunde moja, na wito huo hunaswa ukiwa bado mwanzoni.

Wasikilizaji wa zamani hawakuwa na shida hii. Skana za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilitumia kristali, kipande kimoja kwa kila chaneli, na kila kipande kilinunuliwa peke yake. Mtu aliyekuwa na nafasi nane au 16 alichagua kwa uangalifu. Katikati ya muongo huo zikaja skana zenye saketi ya kutengeneza masafa yoyote kwa amri ya vitufe. Nafasi zikaongezeka, na kazi ya kuchagua ikabaki kwa msikilizaji mwenyewe.

Ndiyo sababu watengenezaji hugawa kumbukumbu katika mafungu yanayoitwa benki. BC125AT ina benki 10, kila moja na chaneli 50. Chaneli ya 1 hadi ya 50 ziko benki ya kwanza, ya 51 hadi ya 100 benki ya pili, na kuendelea hivyo hadi benki ya kumi, yenye chaneli ya 451 hadi ya 500, inayoongozwa na kitufe cha 0. Skana ikiwa inakimbia, kubonyeza namba ya benki huiwasha au huizima. Kwa hiyo benki ipewe mada moja. Anayetaka kusikiliza bahari leo huacha benki ya bahari tu ikiwaka, na nyingine zote hulala bila kufutwa.

Tuseme msikilizaji anaishi ufukweni, Mombasa au Unguja. Benki ya kwanza ni ya bahari: 156.800 megahezi, yaani chaneli ya 16, ya wito na dharura duniani kote, 156.300, chaneli ya 6 ya mawasiliano ya chombo kwa chombo, na 156.650, chaneli ya 13 inayotumika kwa usalama wa safari. Benki ya pili ni ya ndege, ikianza na 121.500, masafa ya kimataifa ya dharura angani, kisha masafa ya kiwanja cha karibu. Benki mbili, mada mbili, na mtu anajua anachosikiliza bila hata kutazama kioo.

Benki hizo mbili zinatofautiana pia ndani. Vyombo vya majini hutumia FM, ndege hutumia AM. Kwenye FM, mawimbi yenye nguvu zaidi huyafunika yale dhaifu, na aliyefunikwa hasikiki kabisa. Kwenye AM, marubani wawili wakiongea kwa pamoja hutokea mluzi na sauti zinazogongana, na mwongoza ndege hutambua kwamba kuna mwingine aliyekuwa akiita. Hiyo ni mojawapo ya sababu za anga kubaki na AM hadi leo. Msikilizaji akiiweka chaneli ya ndege kwenye FM atapata sauti iliyoharibika, kisha ailaumu antena bure.

Aina hiyo ya mawimbi ni mojawapo tu ya mambo yanayohifadhiwa pamoja na masafa. Kila chaneli hubeba pia jina lisilozidi herufi 16, toni, muda wa kusubiri, kufuli na kipaumbele. Jina lisipuuzwe: «BANDARI CH 16» inaeleza jambo, ilhali 156.8000 peke yake humlazimisha mtu kukumbuka. Toni, ambayo hurushwa pamoja na sauti ingawa sikio halitakiwi kuisikia, husaidia pale watumiaji wawili wanapogawana masafa; skana hufunguka kwa yule tu mwenye toni iliyowekwa.

Muda wa kusubiri una uzito kuliko unavyodhaniwa. Rubani akiuliza, jibu la mnara huja baada ya kitambo kidogo, kwenye masafa yale yale. Skana isiposubiri, swali husikika na jibu hupotea. Sekunde mbili hutosha kwa mazungumzo mengi.

Kufuli, kitufe cha L/O, ndicho kinachofaa kuzoewa mapema. Kompyuta, chaja ya simu au taa ya LED huweza kutoa mvumo kwenye masafa fulani na kuisimamisha skana kila inapopita. Bonyezo moja huiruka chaneli hiyo kwa muda, mabonyezo mawili huiruka moja kwa moja hadi itakapofunguliwa tena. Kipaumbele hufanya kinyume chake: chaneli iliyoteuliwa hurudiwa kila baada ya sekunde mbili, hata skana ikiwa imesimama kwingine. Chaneli ya 16 ya bahari inastahili nafasi hiyo.

Kwa asiyejua masafa ya eneo lake kuna Close Call, ambayo hunasa mawimbi yenye nguvu yanayotoka karibu na kuonyesha masafa yake. Mlinzi mwenye redio ya upepo akiongea langoni, namba hutokea kwenye kioo.

Mipaka ipo. BC125AT husikia mawasiliano ya analogia tu. Haifuati mitandao ya kidijitali, na hakuna skana inayofungua mawasiliano yaliyosimbwa; polisi wa New York walianza kusimba yao mwaka 2023. Sheria nazo hutofautiana. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, hairuhusu kusikiliza ujumbe usiokusudiwa umma, na Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa skana zinazonasa simu za mkononi.

Kabla ya kutoa fedha, msomaji aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, TCRA akiwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano akiwa Kenya, kuhusu umiliki na matumizi ya kifaa hiki. Akishakipata kwa njia halali, aanze na benki moja na chaneli zisizozidi 20, aziandike pia kwenye daftari, kisha aongeze ya pili pale tu atakapozijua zote za kwanza kwa majina.